Wati Moja, Watu Wengi: Transponda Ndogo ya Setilaiti Inatengenezwaje?

Ukisimama Dodoma mjini na redio ya mkononi ya wati 5, utaongea na mwenzako aliye kilomita chache kutoka hapo. Ukipanda kilimani utafika mbali zaidi, kwa sababu mawimbi ya redio hizi husafiri kwa mstari ulionyooka, na huzuiwa na nyumba, milima, na mwishowe mviringo wa dunia yenyewe. Sasa chukua kilima cha urefu wa kilomita 600, kisimamishe juu ya Dodoma, halafu weka redio kileleni. Redio hiyo itaonana kwa wakati mmoja na mtu wa Khartoum, wa Kinshasa, wa Antananarivo na wa Johannesburg. Mtu wa Kinshasa akisema neno, wa Antananarivo analisikia.

Kilima kama hicho hakuna. Lakini setilaiti zipo, na ndani ya baadhi yake kuna kadi ya kielektroniki, ndogo kuliko daftari la shule, inayofanya kazi hiyo hiyo: inapokea mawimbi kutoka chini, inayakuza, na kuyarudisha chini kwa masafa mengine. Kadi hiyo inaitwa transponda. Katika makala hii tutaifungua tuone ndani mna nini, kwa nini watu wa kujitolea wameweza kuitengeneza kwa gharama ndogo, na ni wapi ambapo ukibana pesa utajuta. Nikuambie mapema jambo litakalokuja kila hatua: tatizo kubwa la transponda ndogo ni umeme. Una wati moja hivi, na wanaoitaka ni wengi.

Kutoka "HI" hadi mazungumzo

Redio ya ridhaa ni ile inayoendeshwa na watu wenye leseni kwa ajili ya kujifunza, kujaribu mitambo na kuwasiliana, bila biashara. Watu hawa walifika angani mapema kuliko wengi wanavyodhani. Tarehe 12 Desemba 1961, miaka minne tu baada ya Sputnik, kikundi cha California kilirusha OSCAR 1, setilaiti ya kilo 4.5 hivi. Ilipanda kwa lifti ya bure, tuseme: kwenye roketi ya serikali palikuwa na uzito wa kusawazisha, nao wakaomba nafasi hiyo. OSCAR 1 ilikuwa na kisambazaji cha miliwati 140 tu, na kazi yake ilikuwa kutuma herufi mbili za Morse, HI, tena na tena kwa wiki tatu. Watu zaidi ya 570 katika nchi 28 waliripoti kuisikia.

Hiyo ilikuwa setilaiti inayosema tu, haisikii. Hatua iliyofuata ndiyo iliyobadilisha mambo. Machi 1965 ilirushwa OSCAR 3, ikiwa na transponda. Kuanzia hapo mtu wa kawaida aliweza kutuma sauti yake juu na kusikiwa na mtu wa bara lingine.

Ningependa uishike tofauti hii, kwa sababu bado iko nasi. Setilaiti nyingi za vyuo vikuu leo hufanya kama OSCAR 1: hutuma joto la betri yake, volti za paneli zake, labda na picha mbili tatu, kisha basi. Wanafunzi walioitengeneza wanajifunza mengi, lakini mtu aliye nje ya maabara hana cha kufanya nayo zaidi ya kuisikiliza. Na mara nyingi setilaiti hizo zimeomba kutumia masafa ya redio ya ridhaa, ambayo ni mali ya pamoja. Ukiweka transponda ndani, unarudisha shukrani: umma unapata kitu cha kutumia.

FM au ya mstari?

Transponda za ridhaa ziko za aina mbili kuu, na uamuzi wa kwanza wa timu yoyote ni kuchagua mojawapo.

Ya kwanza ni ya FM. Inafanya kazi kama kituo cha kurudia mawasiliano kilicho mlimani: inapokea sauti moja, inaifungua, kisha inaituma upya. Mfano maarufu ni SaudiSat-1C, inayojulikana kwa wanaredio kama SO-50. Ilirushwa tarehe 20 Desemba 2002 na imehudumu kwa zaidi ya miaka 20. Unapanda kwa 145.850 MHz na kusikiliza kwenye 436.795 MHz. Nguvu yake ya kutuma ni miliwati 250 tu, na ina hila nzuri ya kubana umeme: haiamki mpaka mtu atume mlio maalumu wa 74.4 Hz, na ikiamshwa huhesabu dakika 10 kisha hulala. Hakuna anayeongea? Basi hakuna umeme unaopotea.

Uzuri wa FM ni kwamba redio ya mkononi ya bei ya chini na antena ya kushika kwa mkono vinatosha. Ubaya wake ni kwamba anayesikika ni mmoja kwa wakati. Wawili wakiongea pamoja, mwenye nguvu zaidi anamfunika mwenzake, au wote wanageuka kelele. Na setilaiti ya chini haikai sana: ikichomoza upande mmoja wa upeo, dakika 10 au 12 baadaye inazama upande wa pili. Watu 30 wakigombea dakika hizo, ni kama abiria wa stendi nzima kwenye mlango wa daladala moja.

Aina ya pili ni transponda ya mstari. Hii haifungui sauti yoyote. Inachukua kipande kizima cha masafa, tuseme upana wa 20 kHz, na kukihamisha chote kwenda bendi nyingine kama kilivyo. Kinachoingia dhaifu kinatoka dhaifu, kinachoingia na nguvu kinatoka na nguvu, na uwiano kati yao unabaki. Ndiyo maana ya "mstari": pato linafuata ingizo kwa uwiano. Mazungumzo ya sauti ya SSB, yaani sauti iliyobanwa hadi upande mmoja wa wimbi, huhitaji 2.4 kHz hivi. Kwa hiyo ndani ya 20 kHz wanaenea watu kadhaa wakiongea kwa wakati mmoja, na pembeni bado mtu wa Morse anapata pa kukaa.

Hesabu ya wati

Sasa tuje kwenye umeme. Chukua setilaiti ya aina ya CubeSat ya kizio kimoja: mchemraba wa sentimita 10 kila upande, uzito wa kilo moja hivi. Jua likiwa angani hutoa wati 1,361 kwa kila mita ya mraba. Uso mmoja wa mchemraba wetu ni mita ya mraba 0.01, kwa hiyo unapigwa na wati 13.6. Lakini seli za sola hazifuniki uso wote, na seli nzuri za anga hugeuza chini ya theluthi moja ya mwanga kuwa umeme. Seli mbili za kawaida kwenye uso huo zikilitazama jua moja kwa moja zitakupa wati 2 na kitu.

Halafu kuna usiku. Setilaiti ya kilomita 600 huizunguka dunia kwa dakika 97 hivi, na katika mizunguko mingi zaidi ya nusu saa huwa gizani. Ukipiga wastani wa mzunguko mzima, kila kitu ndani ya setilaiti, kompyuta, kipokezi, betri na kisambazaji, vinaishi kwa wati 1 hadi 2. Taa ndogo ya LED ya sebuleni kwako inatumia zaidi ya hapo.

Katika hizo, tuseme kisambazaji kimepewa wati 1.2. Amplifaya ya mstari haiwezi kugeuza umeme wote kuwa mawimbi. Theluthi moja ni kiasi cha kawaida. Unabaki na miliwati 400 za mawimbi. Watu wanne wakiongea kwa pamoja, kila mmoja ana miliwati 100.

Je, miliwati 100 zinatosha? Tufanye hesabu ya upotevu wa njiani. Kwa masafa ya 146 MHz na umbali wa kilomita 2,000, mawimbi hupungua kwa desibeli 142 hivi. Kama pande zote mbili zina antena zisizoelekeza popote, zile miliwati 100 zinafika kwako zikiwa chini ya sehemu moja ya trilioni ya miliwati moja. Inasikika kama mzaha, lakini kipokezi kizuri cha SSB kinaisoma, kwa sababu kinafungua dirisha la 2.4 kHz tu na kelele inayopita dirishani ni ndogo. Kipokezi cha FM kinahitaji dirisha la 15 kHz hivi, na dirisha hilo linaingiza kelele mara sita zaidi. Kwa miliwati hizo hizo FM ingekuwa inazama kwenye kelele, wakati SSB inasomeka. Yaani kwa setilaiti maskini wa umeme, transponda ya mstari inafikisha watu wengi zaidi kwa wati ile ile. Gharama yake inalipwa chini: mtumiaji anahitaji redio bora na ustadi zaidi.

Safari ya sauti ndani ya kadi

Mfano ninaoupenda ni FUNcube-1, ambayo wanaredio huiita AO-73. Ilitengenezwa na watu wa kujitolea wa AMSAT-UK ya Uingereza wakishirikiana na wenzao wa Uholanzi, ikarushwa kutoka Urusi tarehe 21 Novemba 2013. Ni mchemraba wa sentimita 10. Data zake za kwanza zilinaswa Afrika Kusini muda mfupi baada ya kuachiliwa angani.

Mtu anapanda kati ya 435.130 na 435.150 MHz, na anashukia kati ya 145.950 na 145.970 MHz. Ndani ya kadi mambo huenda hivi. Kwanza kuna amplifaya ya mapokezi, ambayo kazi yake ni kukuza mawimbi dhaifu bila kuongeza kelele zake. Kisha mikisa, ambayo huchanganya mawimbi hayo na wimbi safi kutoka osileta ya ndani na kuyashusha hadi masafa ya kati. Hapo kuna filta ya fuwele, mlinzi wa mlango, anayeruhusu kipande cha 20 kHz na kuzuia vingine vyote. Baada ya filta kuna mikisa ya pili inayopandisha hadi 145 MHz, halafu amplifaya ya kutuma, filta nyingine, na antena.

Hebu jaribu hesabu hii. Jumlisha 435.150 na 145.950: unapata 581.100. Sasa jumlisha 435.130 na 145.970: ni 581.100 tena. Ukipanda juu kwa kilohezi moja, unashuka chini kwa kilohezi moja. Transponda kama hii inaitwa ya kugeuza, kwa sababu pato ni tofauti kati ya namba isiyobadilika na masafa uliyotuma.

Kwa nini wahandisi wajitaabishe kugeuza? Sababu ni athari ya Doppler, ile ile inayofanya king'ora cha gari la wagonjwa kipande kikija na kishuke kikiondoka. Setilaiti inakwenda kilomita 7.5 kwa sekunde. Ikiwa inakuja kwako, mawimbi yako ya 435 MHz huifikia yakiwa juu kwa hadi 10 kHz. Ikirudisha kwa 146 MHz, unaipokea ikiwa juu kwa 3 kHz na ushei. Bila kugeuza, makosa hayo mawili yangejumlishana, 13 kHz na zaidi. Ukigeuza, kosa la kwanza linakuwa la kwenda chini na la pili la kwenda juu; yanakulana, na kinachobaki ni 7 kHz au pungufu. Umepunguza tatizo karibu nusu bila kuongeza hata kipuri kimoja. Huo ndio unafuu wa kweli.

Maadui watatu wa nyumbani

Ukiuliza ni nini huua transponda ndogo, wengi watakuambia mionzi ya angani. Mionzi ni kweli inasumbua. Lakini maadui watatu wa kwanza wanatoka ndani ya mchemraba wenyewe.

Adui wa kwanza ni sauti yako mwenyewe. Kipokezi kinasikiliza mawimbi ya chini ya sehemu ya trilioni ya miliwati, na sentimita chache pembeni kisambazaji kinapiga kelele kwa mamia ya miliwati. Utasema: si wametenganisha bendi, 435 na 146? Ndiyo, lakini kila kisambazaji hutoa pia mawimbi ya ziada kwenye mara mbili, mara tatu na kuendelea za masafa yake. Zidisha 145.960 kwa 3: unapata 437.880 MHz. Hapo ni chini ya megahezi 3 kutoka 435.140, mahali ambapo masikio yako yapo! Kwa hiyo filta baada ya amplifaya ya kutuma ni ya lazima, na vibanda vya bati kati ya sehemu ya kutuma na ya kupokea pia. Vyote ni vya bei ndogo. Kinachogharimu ni kuvisahau, halafu kugundua kasoro setilaiti ikiwa tayari juu.

Adui wa pili ni joto. Kati ya zile wati 1.2 za amplifaya, 0.8 zinageuka joto. Duniani hewa ingelibeba, lakini angani hakuna hewa, na feni haina cha kupuliza. Joto litoke kwa kupita kwenye shaba ya kadi, liende kwenye fremu ya alumini, kisha liangaze kwenda angani. Na joto hilo linagusa osileta. Fuwele ya kawaida inayoyumba kwa sehemu 20 kwa milioni itasogeza 435 MHz kwa karibu 9 kHz, na kumbuka mlango wetu ni wa 20 kHz tu. Anayetafuta njia ya kupanda atajikuta anagonga ukuta. Osileta iliyofidiwa kwa joto, ya sehemu 1 kwa milioni, husogea chini ya nusu kilohezi. Ni ghali kidogo kuliko fuwele ya kawaida, na hapo ndipo mahali pa kutobana pesa.

Adui wa tatu ni binadamu. Transponda ya mstari ina kidhibiti cha ukuzaji: jumla ya mawimbi yanayoingia ikizidi, ukuzaji unapunguzwa ili amplifaya isielemewe na kuvuruga sauti. Sasa aje mtu mmoja na wati 100 na antena kubwa. Kidhibiti kinashusha ukuzaji kwa ajili yake, na kwa kuwa ukuzaji ni wa wote, wenzake wote wanashuka pamoja naye hadi kupotea kwenye kelele. Yeye anasikika vizuri sana, lakini hana wa kuongea naye, maana amewazima. Hakuna filta inayotibu hili. Dawa ni adabu: sikiliza sauti yako ikirudi, na punguza nguvu mpaka isizidi mlio wa setilaiti wenyewe. Wati moja ni ya ukoo mzima. Mwenye kijiko kikubwa ajizuie.

Unafuu unapatikana wapi

Watu wengi wakisikia "gharama ndogo" hufikiria vipuri vya bei chee. Ni kweli, transponda hizi hutumia vipuri vya kawaida vya viwandani badala ya vile vya anga vilivyoidhinishwa, ambavyo bei yake haisemeki. Mionzi inaweza kufanya chipu ya kawaida ijifunge na kuanza kunywa umeme kupita kiasi. Dawa yake ni saketi rahisi inayohisi mkondo, inaukata, inasubiri kidogo, kisha inawasha tena. Pamoja nayo huwekwa saa ya ulinzi, ambayo kompyuta isipoigusa kwa muda uliopangwa, inaiwasha upya. Saketi hizo mbili zimeokoa setilaiti nyingi.

Lakini unafuu mkubwa unatoka kwingine: kutumia mchoro mmoja mara nyingi. Kazi ngumu ya transponda iko kwenye miezi na miaka ya kubuni na kupima, na ukishaimaliza, kadi ya pili ni rahisi. Transponda ya ukoo wa FUNcube haikuishia kwenye FUNcube-1. Imeruka pia ndani ya Nayif-1 ya Falme za Kiarabu mwezi Februari 2017, na JY1SAT ya Jordan mwezi Desemba 2018. Nchi hizo mbili hazikulazimika kuanza na karatasi tupu. Wanafunzi wao waliingia kwenye kazi ambayo tayari ilikuwa imeonyesha angani kwamba inafanya kazi. AMSAT ya Marekani nayo ina kadi yake ya transponda ya mstari inayowapa wanaojenga CubeSat, na mwaka 2024 iliruka ndani ya MESAT1 ya Chuo Kikuu cha Maine. Makubaliano ni ya kupeana: chuo kinapata mfumo wa redio uliokamilika, wanaredio wanapata transponda angani. Wahispania wa AMSAT-EA wamebana zaidi: EASAT-2 na HADES, zilizorushwa Januari 2022, zilikuwa na upana wa sentimita 5 tu.

Njia nyingine ya unafuu ni ratiba. FUNcube-1 ilibuniwa kwa ajili ya shule pia: inatuma data za joto na volti ili wanafunzi wazisome darasani. Umeme wa kuendesha data kwa nguvu na transponda kwa pamoja haukutosha. Walifanyaje? Setilaiti ikiwa juani, data hutumwa kwa nguvu, maana mchana ndipo watoto wako shuleni. Ikiingia gizani, nguvu ya data inashushwa na transponda inawashwa, maana usiku ndipo wanaredio wametoka kazini. Paneli za sola zenyewe ndizo zinazoiambia kadi kama ni mchana au usiku. Wati moja, zamu mbili. Na mchemraba huo ulitimiza miaka 10 angani ukiwa bado unatuma.

Kuna vitu viwili visivyopunguzwa hata kama mfuko umetoboka. Cha kwanza ni swichi ya kuzima. Kanuni za kimataifa za redio zinadai kwamba setilaiti ya ridhaa iweze kunyamazishwa kutoka ardhini mara moja ikisumbua huduma nyingine. Kwa hiyo kipokezi cha amri kinapaswa kubaki macho hata vingine vyote vikilala. Cha pili ni utaratibu wa masafa: kabla ya kurusha unapeleka ombi kwa shirika la kimataifa la wanaredio, IARU, likupangie mahali ambapo hutamkanyaga mwingine. Ombi hilo halihitaji hata kipuri kimoja, ila linahitaji muda, na timu nyingi hulikumbuka mwisho.

Na somo moja zaidi, kutoka kwa bibi wa setilaiti zote hizi. AMSAT-OSCAR 7 ilirushwa tarehe 15 Novemba 1974. Mwaka 1981 betri yake ilikufa kwa kujifunga, ikanyamaza, wakaihesabu marehemu. Mwezi Juni 2002 mtu mmoja akaisikia. Betri iliyokuwa imejifunga ilikuwa imekatika kabisa, na umeme wa paneli ukapata njia ya kwenda moja kwa moja kwenye transponda. Tangu hapo inaamka kila ikipata jua na kulala kila ikipata kivuli, na mwaka 2024 ilitimiza miaka 50 ikiwa bado inabeba sauti za watu. Funzo kwa mbunifu: kitu cha kwanza kuchoka ni betri, kwa hiyo panga njia ya transponda kuishi bila hiyo.

Na sisi huku?

Afrika Mashariki iko mahali pazuri na pabaya kwa wakati mmoja. Pabaya, kwa sababu setilaiti nyingi ndogo hupita juu ya ncha za dunia. Mtu wa Ulaya ya kaskazini huziona mara nyingi kwa siku. Sisi wa karibu na ikweta tunapata mapito mazuri manne hivi, mawili asubuhi na mawili jioni. Pazuri, kwa sababu setilaiti inayozunguka juu ya ikweta yenyewe hutupitia kila mzunguko. Indonesia walilielewa hili. Setilaiti yao LAPAN-A2, yenye transponda ya FM, ilirushwa Septemba 2015 katika mzunguko ulioinama nyuzi 6 tu, kwa hiyo ili ifike kwao kila mara ni lazima itupitie sisi kila mara. Hatukuchangia chochote, ila ndio ukweli wa jiografia.

Tena kuna QO-100, transponda ya kwanza ya ridhaa kwenye setilaiti isiyohama, Es'hail-2 ya Qatar, iliyorushwa Novemba 2018. Iko longitudo ya nyuzi 26 mashariki, juu kabisa ya ikweta. Kwa mtu wa Nairobi au Dar es Salaam, iko karibu na utosi, saa 24. Hiyo si ndogo wala ya bei nafuu, lakini ni shule nzuri ya kutumia transponda ya mstari, na inashushia kwenye 10 GHz, ambako kichwa cha dishi la kawaida la televisheni kinapokea.

Upande wa kujenga, mlango ulishafunguliwa. Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa na 1KUNS-PF, mchemraba wa sentimita 10 ulioachiliwa kutoka kituo cha anga cha kimataifa tarehe 11 Mei 2018. Ulibeba kamera. Mchemraba wa ukubwa huo huo unaweza kubeba transponda, kama FUNcube-1 ilivyoonyesha. Kwa mzunguko wa ikweta, mwalimu wa Kigoma angeweza kuongea na darasa la Lamu kila baada ya saa moja na dakika 40 hivi, bila mnara wa simu hata mmoja katikati.

Kama umevutiwa, usianze na roketi. Anza na kusikiliza: nyaya mbili za sentimita 49 kila moja zilizofunguliwa kama herufi V, kipokezi kidogo cha SDR cha kuchomeka kwenye kompyuta, na programu ya kutabiri mapito. Kutuma ni jambo lingine. Kunahitaji leseni, Tanzania kutoka TCRA na Kenya kutoka CA. Kisha jenga transponda ya mezani. Weka kipunguza nguvu cha desibeli 100 na zaidi badala ya kilomita 2,000 za anga, ingiza milio miwili kwa pamoja, na utazame kwenye kompyuta kama inatoka miwili au imezaa mingine pembeni. Ikitoka miwili safi, amplifaya yako ni ya mstari kweli. Iweke kadi kwenye friji, kisha juani, uone masafa yanahama kiasi gani. Ongeza mlio wa tatu wenye nguvu kuliko ile miwili, uone jinsi wenzake wanavyoshuka.

Majaribio hayo yote yanafanyika kwenye benchi la maabara ya chuo, na yakifeli hapo unachukua kisu cha kuchomelea na kurekebisha. Kadi ikishakuwa kilomita 600 juu, unabaki na swichi moja tu: ya kuizima.